"Hongera, umeshinda simu": Tujihadhari na zawadi za mtandaoni



Jambo ninalolieleza leo limenikuta mimi mwenyewe, nami ni mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema haya huwakuta wasiosoma tu.

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, baada ya Tarawehe. Nilikuwa natafuta kitabu cha bure kwa ajili ya darsa, mara ukurasa wote ukabadilika. Simu ikatetemeka mkononi, likajitokeza dirisha lenye nembo ya Google: "Hongera! Wewe mtumiaji wa Dar es Salaam umechaguliwa leo." Chini yake yalipangwa masanduku ya zawadi, na saa ikihesabu dakika kurudi nyuma. Nikabofya sanduku la kwanza, tupu. La pili, simu mpya! Nikaambiwa nitume kiungo kwa watu ishirini wa WhatsApp mpaka mstari wa kijani ujae. Nikatuma, na mojawapo ya sehemu nilizotuma ni grupu la wazazi wa madrasa.

Simu sikuiona. Siku ya tatu mama mmoja, muuza vitumbua, akanifuata baada ya swala ya Alasiri. Aliandika namba yake pale, akapigiwa na mtu aliyejiita ofisa wa zawadi, kisha kioo cha simu kikamtaka aweke namba ya siri "kuthibitisha". Akaweka. Shilingi 85,000 za mtaji zikaondoka. Akaniambia kwa upole kabisa: "Ustadhi, mimi ile zawadi sikuiamini. Nilikuamini wewe."

Nilimwendea mwanafunzi wangu wa zamani anayetengeneza tovuti, akanifungulia mtego ule kipande kwa kipande.

Kwanza, hakuna aliyenichagua. Kila anayeingia kwenye intaneti huonekana kwa namba ya anwani, na namba hiyo huashiria takriban mji aliopo. Ungefungua ukiwa Tanga, huenda ungeandikiwa Tanga. Masanduku nayo yamepangwa kabla: la kwanza utakalobofya, lolote liwe, ni tupu, na linalofuata lina zawadi. Tulijaribu mara nne kwenye kompyuta yake, tukashinda mara nne. Ile saa ikifika sifuri hakuna kinachotokea. Ukifungua upya nayo inaanza upya. Wale watu wanaoandika "nimepokea yangu jana" ni maandishi tu yaliyobandikwa, ukibofya majina yao hayafunguki. Na kule kutetemeka, ambako kwa kweli ndiko kulikonitisha, ni amri tu ambayo ukurasa unaweza kuipa simu ya Android.

Alama iliyo wazi zaidi ilikuwa juu ya kioo, nami sikuitazama. Katika anwani ya tovuti, mwenye nyumba hujulikana kwa jina lililo mwisho, kabla ya mkwaju wa kwanza. Anwani kama google.zawadi123.com si ya Google hata kidogo, ni ya huyo zawadi123. Wengine hutazama alama ya kufuli wakatulia. Kufuli ilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamefungwa asiyasome mtu wa katikati, na tapeli naye huipata bila malipo. Mwaka 2023 Google waliibadilisha alama hiyo kwenye Chrome, kwa kuwa watu waliidhania ni cheti cha uaminifu.

Likikutokea dirisha hilo, usibofye alama ya kufungia iliyochorwa ndani yake, maana inaweza kuwa kitufe cha tapeli kama vingine. Kurudi nyuma nako huweza kukurudisha palepale. Funga ukurasa wote. Ukiombwa uruhusu arifa ili uthibitishe kuwa si roboti, kataa. Mimi niliruhusu, na wiki nzima zikaniingia arifa, nyingine zenye picha za aibu, simu ikiwa mezani mbele ya darasa la Maarifa ya Uislamu! Niliziondoa kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, kwa kuifuta tovuti ile.

Ama upande wa pesa, neno ni moja: kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba ya siri. Ikiombwa, pesa inatoka.

Wapo walioniuliza kama zawadi hizi zinaingia katika kamari. Mimi naona tumewahi kuuliza, kwani zawadi yenyewe haipo. Swali lililonikaa mimi ni la kusambaza. Kila mwaka nasomesha aya ya 6 ya Suratul-Hujurat, inayotuamuru tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Usiku ule nilidhani habari ni maneno tu, na kwamba kutuma kiungo si kusema kitu. Kumbe nimetoa ushahidi kwa watu ishirini juu ya jambo nisilolijua.

Namba ya yule "ofisa" tuliituma TCRA kwa ujumbe wa 15040. Zile 85,000 nimezilipa kwa mafungu matatu, ingawa mama alikataa mwanzoni. Kisha nikaandika kwenye grupu kwamba kiungo kile ni utapeli na kwamba kosa ni langu. Wazazi wawili wakajibu kuwa wao walishakipeleka kwenye grupu za vikoba vyao.