Jinsi Mzamiaji Anavyopumua Chini ya Maji

Mtu akizama katika Mto Nzoia, upitao katika sehemu za Kitale na Bungoma, pengine mzamiaji huitwa kumtafuta. Je, hupumuaje humo majini?

Vyombo vyake vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni mtungi wa chuma abebao mgongoni. Haukujazwa oksijeni tupu, kama wengi wadhanivyo, bali hewa hii tuivutayo sote, iliyoshindiliwa kwa mashine kama ijazwavyo gurudumu la lori. Mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa hewa mara 200 huchukua lita 2,400 hivi.

Cha pili ni regyuleta, iliyobuniwa Ufaransa na Cousteau na Gagnan mwaka 1943. Kila avutapo pumzi, humpa hewa yenye nguvu sawa na maji yamzungukayo. Mrija mrefu haufai, kwa kuwa maji hubana kifua kisiweze kupanuka.

Cha tatu ni kipimio cha hewa iliyosalia. Kadiri ashukavyo, ndivyo hewa iishavyo upesi: mita 10 chini, mara mbili. Huko Likoni, Mombasa, gari lililotumbukia kutoka feri mwaka 2019 lilikutwa mita 58 chini. Hapo huisha karibu mara saba.

Apandapo, asizuie pumzi kamwe, kwani hewa hutanuka ikaweza kupasua mapafu.

Basi asiyefundishwa asijitose mtoni kwa mtungi wa kuazima, wasije wakatafutwa watu wawili badala ya mmoja.