Somo la Afya: Jicho Lililogongwa Bila Kidonda

Mkulima wa viazi hapa Kibirichia anajua jambo hili vizuri. Kiazi kikianguka kutoka juu ya lori, ngozi yake yaweza kubaki nzima, wala hutaona alama. Lakini ukikikata jikoni, ndani ni cheusi. Jicho nalo laweza kuwa hivyo.

Jicho likitobolewa na mwiba au waya, sote tunakimbia hospitali. Lakini likigongwa na kipande cha kuni, pembe ya ng'ombe, jiwe la manati au ngumi (na tuseme ukweli, ngumi nyingine hutoka humo humo nyumbani), tunasema pole na kulikanda kwa maji. Uvimbe ukiisha, basi, maneno yameisha.

Ndani hutokea nini? Jicho ni kama mpira mdogo, upana wake karibu sentimita 2.4, uliojaa ute. Likigongwa kwa mbele linabonyea, halafu linatanuka kando. Ukuta wake una matabaka matatu. La nje, lile jeupe, ni gumu na huvumilia. La ndani kabisa ni retina, inayopokea picha kama filamu ya kamera za zamani. Katikati kuna koroidi, yenye mishipa ya damu inayolisha retina. Upande wa ndani wa koroidi kuna utando mwembamba usiovutika sana. Nguvu ikizidi, utando huo hupasuka, na damu humwagika chini ya retina. Mpasuko ukipita pale pa kuonea, mgonjwa hutazama uso wa mtu akaona doa katikati. Kovu lake halifutiki. Hata miaka baadaye, mishipa mipya dhaifu yaweza kuota hapo na kuvuja.

Retina yenyewe yaweza pia kuvimba na kuwa nyeupe, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Rudolf Berlin mwaka 1873. Hii mara nyingi hupoa yenyewe kwa wiki chache. Hapo ndipo mitishamba na maziwa ya mama yanayotiwa jichoni hupata sifa zisizo zao!

Kibaya zaidi ni retina ikichanika pembeni. Haiumi hata kidogo. Maji hupenya polepole kwenye ufa, na retina hubanduka kama plasta ya nyumba iliyoingia unyevu. Yaweza kuchukua wiki, miezi au miaka. Mtoto aliyepigwa jiwe akiwa shule ya msingi aweza kupofuka jicho hilo akiwa sekondari, na hakuna atakayelikumbuka lile jiwe.

Kwa hiyo mtu akigongwa jichoni, asilisugue wala kulibonyeza, na msitie kitu chochote. Msimpe asprini, maana huongeza kuvuja damu. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Tochi peke yake haitoshi. Ulizeni kama atatiwa dawa ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho ionekane. Kama kituo hakina mtaalamu wa macho, ombeni barua ya kwenda hospitali ya rufaa Meru mjini. Ufa ukigunduliwa mapema, huzibwa kwa mwale wa leza. Retina ikishabanduka ni upasuaji, na kazi hiyo hufanywa katika kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu.

Nyumbani, kila mwezi, funika jicho zima kwa kiganja utazame kalenda ukutani kwa lile lililogongwa. Tusipofanya hivyo, jicho zima humfichia mwenziwe makosa. Ukiona mistari imepinda, cheche za mwanga, vidoa vyeusi vingi kama nzi wadogo, au pazia linaloteremka upande mmoja, usingoje siku ya soko. Nenda siku hiyo, hata kama uligongwa mwaka juzi.

La kujadili kikundini: Ni nani kati yetu aliyewahi kugongwa jichoni, na je, nyuma ya jicho hilo palitazamwa?