Kabla ya Kuingia Duka la Mama na Mtoto

Katika mafundisho ya wachumba tunazungumza sana juu ya upendo, uaminifu na malezi. Ni mara chache tunazungumza juu ya beseni, nepi na sidiria. Hata hivyo, nyumba nyingi changa hukorofishana juu ya pesa kwa mara ya kwanza wakati mimba ina miezi saba hivi. Mke anaona siku zinakwisha na hakuna kilichotayarishwa. Mume anaona kila jioni anaombwa kitu kipya. Kila mmoja ana sababu zake, lakini hawajaketi pamoja wakahesabu.

Makala hii ni kwa ajili yenu wawili. Isomeni pamoja, ikiwezekana mkiwa na kalamu na karatasi.

1. Duka lina kazi yake, nanyi mna yenu

Maduka ya mama na mtoto siku hizi yako karibu kila mji. Jijini Nairobi, Biashara Street imejulikana kwa maduka ya nguo za watoto. Mombasa nako kuna Biashara Street yake, iliyo mashuhuri kwa leso. Maduka ya aina hii yana faida kubwa: vitu vyote viko mahali pamoja, saizi zinapatikana, na wauzaji wanazijua bidhaa zao.

Lakini kumbukeni kwamba muuzaji hayuko pale kupanga matumizi ya nyumba yenu. Kazi yake ni kuuza. Viatu vidogo vya kupendeza vimewekwa mlangoni kwa makusudi. Mama wa mimba ya kwanza huingia na hofu kwamba atasahau kitu na mtoto ateseke. Baba naye, akiwa amefuatana naye, huona haya kuonekana bahili mbele ya watu. Hofu ya mmoja na haya ya mwingine ndizo zinazojaza mfuko.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Orodha iandikwe nyumbani, si dukani.

2. Pesa ya kwanza haiendi dukani

Kabla ya kununua hata soksi moja, ulizaneni maswali matatu.

La kwanza: Je, tumejiandikisha katika bima ya afya? Tangu Oktoba 2024, kazi iliyokuwa ikifanywa na NHIF imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kadi ya zamani haitawasaidia. Hakikisheni kwamba mmesajiliwa, mchango umelipwa, na hospitali mnayotarajia inapokea bima hiyo. Ulizeni mapema, mama angali na nguvu za kutembea.

La pili: Uchungu ukianza usiku, tutakwenda na nini? Mimba haiulizi saa. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, mwenye gari hatalipwa kwa kitanda cha mtoto. Ongeeni na jirani au dereva mnayemwamini, namba yake ya simu iwe kwa wote wawili, na nauli yake iwekwe kando isiguswe.

La tatu: Ikiwa mama atahitaji kufanyiwa upasuaji, au kulazwa siku nyingi kuliko ilivyotarajiwa, tuna akiba yoyote?

Chukueni mfano wa nyumba iliyoweza kuweka kando shilingi 15,000. Wakitenga shilingi 6,000 kwa safari na dharura, zitabaki 9,000. Hizo ndizo pesa za kwenda nazo dukani. Pengine 3,000 ni za mama na 6,000 za mtoto. Nyumba yenu inaweza kuwa na zaidi au pungufu, lakini utaratibu ni huo huo. Anayeanza na duka na kumaliza na nauli ndiye anayeamka usiku akikopa kwa simu, na deni hilo linamngoja akirudi na mtoto nyumbani.

3. Nguo za mama

Msikimbilie kununua nguo za uja uzito katika miezi ya kwanza. Kwa wengi tumbo huanza kuonekana mwezi wa nne au wa tano, na nguo za kawaida zilizo pana hutosha mpaka hapo. Baada ya hapo mama anahitaji nguo chache zinazofaa. Madera mawili ya pamba, sketi au suruali moja yenye lastiki kiunoni, na viatu vya kisigino kifupi visivyobana, hayo yatawafikisha mbali.

Chagueni nguo ambayo itafaa hata baada ya kujifungua. Dera au gauni lenye vifungo kifuani litatumika kwa kunyonyesha mwaka mzima. Kama mnashonesha kitenge, mwambieni fundi aache ziada kwenye mishono ili nguo iweze kupunguzwa baadaye.

Sidiria ya kunyonyeshea isinunuliwe mapema sana, kwa kuwa matiti hubadilika. Ni afadhali kupima kuelekea wiki ya 36. Mbili zinatosha kuanzia, za pamba na zisizo na waya.

Hapa naomba akina baba wasome kwa makini. Miguu ya mama mjamzito huvimba kidogo, hasa jioni, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini akivimba uso na mikono, akaumwa sana na kichwa au macho yakawa na ukungu, hilo si suala la kununua viatu vikubwa. Hizo ni dalili za shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mume aliyefuatana na mkewe kununua viatu na kuona jinsi miguu ilivyo, huyo atagundua mabadiliko upesi.

4. Mfuko wa hospitali na vitu vya mtoto

Mfuko wa hospitali uwe tayari kufikia wiki ya 36. Ulizeni kliniki orodha yao, maana kila hospitali ina yake. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na pamba, sodo za wazazi, beseni, sabuni, leso mbili au tatu, nguo ya kulalia, kandambili, na nguo za mtoto za kurudi nazo nyumbani. Juu ya vyote kiwekwe kijitabu cha kliniki na kitambulisho.

Kwa mtoto, mambo makubwa ni joto, usafi na maziwa ya mama. Basi nunueni fulana nne hadi sita, sweta mbili, kofia mbili, soksi jozi tatu, shali moja nzito na moja nyepesi, na kitambaa cha mpira cha kulalia. Nepi za kitambaa chukueni dazani moja. Ikiwa mtoto atazaliwa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nguo hazikauki haraka, basi ongezeni.

Mtoto hukua upesi kuliko mnavyodhani. Aliyezaliwa na kilo 3 huongezeka mara mbili akifika mwezi wa tano hivi, na mara tatu akitimiza mwaka. Kwa hiyo nguo za saizi ndogo kabisa ziwe chache, nyingine zote zipite kidogo. Nepi za kutupa nazo zimepimwa kwa kilo. Msinunue katoni ya saizi ya mtoto mchanga kwa sababu tu bei imeshuka.

Mitumba haina aibu. Watoto wengi walionenepa vizuri wamevikwa nguo za Gikomba. Zifueni kwa maji moto, zianikwe juani, zipigwe pasi nje na ndani. Kateni kamba za shingoni na kukagua vifungo, maana kifungo kilicholegea huishia mdomoni.

Kabla ya kununua chandarua, ulizeni kliniki. Katika maeneo yenye malaria nyingi, kama Pwani na eneo la Ziwa, mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa bila malipo.

5. Vya kungoja na vya kuacha

Chupa na maziwa ya kopo. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila hata maji. Bunge letu lilipitisha sheria mwaka wa 2012 inayokataza kutangaza vibadala vya maziwa ya mama pamoja na chupa za kunyonyeshea. Muuzaji akikuhimiza uchukue chupa iwapo tu maziwa yatakataa kutoka, mshukuru na uendelee na orodha yako. Kama kuna shida ya kweli, daktari au muuguzi ndiye wa kuwaelekeza.

Mto na vinyago vya kitandani. Mtoto mchanga hulazwa chali, kwenye godoro gumu, bila mto. Vitu laini vinaweza kumziba pumzi.

Poda. Vumbi lake huingia mapafuni. Ngozi ya mtoto haihitaji poda.

Dawa za kupaka kitovu. Tumieni ile tu mliyopewa hospitali. Wala msiwe na haraka ya beseni la kuogea, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe mpaka saa 24 zipite.

Kigari cha kujifunzia kutembea. Kimeangusha watoto wengi kwenye ngazi na kuwafikisha kwenye moto. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2004.

Viatu. Asiyetembea havihitaji. Hali kadhalika gauni la Ubatizo la bei kubwa. Vazi jeupe na safi latosha, hata likiwa la kuazima.

6. Wazee wakikataa

Katika jamii zetu nyingi wazee hawapendi vitu vya mtoto vinunuliwe kabla hajazaliwa. Msimcheke mama mkwe kwa jambo hilo. Wazee wetu walizika watoto wengi, na walijua uchungu wa kurudi kwenye nyumba iliyojaa nguo zisizo na mwenyewe. Hofu yao ina kaburi nyuma yake.

Njia ya katikati ipo. Mfuko wa hospitali utayarishwe, maana huo ni wa lazima. Yaliyobaki yaandikwe kwenye orodha, pesa ziwekwe, na baba au shangazi aende dukani siku mtoto anapozaliwa. Kwa njia hii mzee ameheshimiwa na mtoto hajakosa kitu.

Vilevile, majirani na wanajumuiya wakiuliza walete nini, semeni ukweli bila kuona haya. Mkinyamaza mtaletewa shali tisa na hakuna sabuni. Mwenye nguo alizozihifadhi anaweza kuazima, nanyi mtawaazima wengine.

7. Baba naye aende dukani

Wapo akina baba wanaotoa pesa na kusema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Kutoa pesa ni vizuri, lakini hakutoshi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na baba majuma 2. Majuma hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kupokea pongezi. Mama akiwa amelala na mshono, nani atatumwa dukani? Baba ambaye hajui saizi ya sodo wala ya nepi atapiga simu mara tano na kurudi na visivyofaa.

Kwa hiyo nendeni pamoja angalau mara moja. Mmoja ashike orodha na mwingine ashike pesa. Kikitokea kitu kizuri ambacho hakimo kwenye orodha, msibishane mbele ya muuzaji. Tokeni nje, zungumzeni, ndipo mrudi au muendelee na safari. Na mama asifiche risiti, wala baba asifiche mshahara. Kitu kidogo kilichofichwa wakati huu hufundisha nyumba kufichana makubwa baadaye.

Mtoto hatakumbuka rangi ya shali aliyofungwa. Lakini atalelewa katika desturi mliyoianza kabla hajazaliwa: ya kuketi, kuhesabu, na kukubaliana.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Je, sisi wawili tunajua ni pesa ngapi zimewekwa kwa ajili ya kujifungua, na ziko wapi?

2. Uchungu ukianza usiku wa leo, tutampigia nani simu?

3. Ni kitu gani kwenye orodha yetu kimewekwa kwa ajili ya macho ya watu na si kwa ajili ya mtoto?

4. Mama, ni jambo gani linakutia hofu ambalo bado hujamwambia mumeo? Baba, nawe je?