Kiyoyozi Kipewe Njia Yake: Kufunga Umeme Salama Ngara na Biharamulo

Tangu mwishoni mwa 2023 maji ya Mto Kagera yanazalisha umeme pale Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Mtambo huo wa megawati 80 ni mali ya pamoja ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na kila nchi inapata theluthi. Upande wa Tanzania umeme unapita kwenye laini ya kilovolti 220 hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako laini ya Gridi ya Taifa kutoka Geita nayo imefika. Kabla ya gridi kufika, miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO.

Majengo mengi ya wilaya hizi yalitandazwa nyaya enzi hizo za dizeli, kwa kipimo cha taa, televisheni na friji. Leo mwenye nyumba ya wageni Benaco, mwenye duka la dawa Biharamulo mjini au msimamizi wa maabara Rulenge anaweza kununua mashine inayovuta umeme mwingi kuliko vifaa vyake vingine vyote vikijumlishwa. Mashine inaletwa ikiwa mpya, lakini nyaya ni zile zile za zamani. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mashine ninayoizungumzia ni kiyoyozi cha boksi moja chenye uwezo wa kupoza na kupasha joto. Kompresa, feni na koili zote zimo ndani ya kasha moja linalowekwa ukutani, dirishani au juu ya paa, tofauti na vile vyenye kipande cha ndani na cha nje. Wataalamu huiita pampu ya joto kwa sababu haitengenezi joto, inalihamisha tu: mchana inalitoa chumbani na kulimwaga nje, usiku inageuza mwelekeo wa gesi na kulivuta kutoka nje kuliingiza ndani. Kwa hali ya hewa ya vilima vya Ngara, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa blanketi mbili, uniti moja ya umeme inaweza kuleta takribani uniti tatu za joto. Hita ya koili hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Duka la dawa nalo linaihitaji kwa upande wa kupoza, maana dawa nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 na nyingine chini ya 25.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye mali anayesoma hapa apate cha kukagua na cha kuuliza, asichukue bisibisi.

Kibati kwanza

Fundi makini haanzi na waya. Anaanza na kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, na anatafuta vitu vitatu: volti, hezi na amp.

Umeme wa Tanzania ni volti 230 kwa fezi moja na volti 400 kwa fezi tatu, kwa mzunguko wa hezi 50. Viyoyozi vingi vya boksi moja hutengenezwa kwa soko la Marekani, na vibati vyake husomeka volti 208/230, hezi 60. Namba 230 humtuliza mnunuzi, lakini hezi 60 peke yake ni sababu ya kuikataa mashine. Mota ya aina hiyo ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na chuma chake hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20 hivi. Inapata joto, feni yake nayo inapuliza kidogo, na kompresa inaungua mapema. Stabilaiza haitibu tatizo hili kwa sababu inarekebisha volti, haigusi hezi. Kibati kinachofaa kimeandikwa hezi 50, au 50/60.

Kuhusu amp, mashine ya BTU 24,000 huvuta amp 10 au 11 kompresa ikiwa kazini. Wengi huishia hapo. Lakini mashine nyingi za aina hii zina koili ya ziada ya kusaidia kupasha joto, na koili ya kilowati 3 huongeza amp 13. Jumla ni amp 24. Plagi ya pini tatu bapa tuliyoizoea ina fyuzi ya amp 13 tu, kwa hiyo mashine hii haina ruhusa ya kwenda kwenye soketi, wala kwenye ekstensheni, wala kwenye adapta iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka.

Waya wake peke yake

Mashine inapewa waya unaotoka kwenye ubao wa breka na kufika kwake bila kuchepuka popote. Hakuna taa njiani, hakuna soketi ya friji. Unene wa waya unapimwa kwa mambo mawili: mzigo na umbali. La pili ndilo husahaulika.

Tuchukue nyumba ya wageni pale Benaco, ambako madereva wa malori ya Rusumo hulala. Mita ya LUKU iko mbele barabarani, vyumba viko nyuma ya ua, waya unatembea mita 40. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila amp katika kila mita moja. Zidisha 18 kwa 24 kwa 40: zinapotea volti 17. Jioni watu wote wakipika na volti zikashuka hadi 215, mashine itapata 198, chini ya kiwango cha asilimia 10 ambacho vifaa vingi hutengenezwa kukivumilia. Zaidi ya hapo, waya wa 2.5 haukupaswa kubeba amp 24 kwa saa nyingi. Weka waya wa milimita za mraba 6, unaopoteza milivolti 7.3 tu, na hasara inashuka hadi volti 7, yaani asilimia 3. Breka yake ni ya amp 32, aina ya C, ambayo huvumilia mvuto mkubwa wa sekunde ile kompresa inapoamka.

Waya ukaguliwe dukani kabla ya kulipwa. Zipo nyaya zinazoonekana za shaba kwa nje na kumbe ndani ni alumini iliyopakwa. Kwangua kwa kisu: ikitokea rangi nyeupe, rudisha. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS na unene uliochapwa kwenye ganda lenyewe, si kwenye boksi.

Rangi zinazodanganya

Nyumba za zamani zilifungwa kwa utaratibu wa Kiingereza wa kale: nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro. Nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa arthi. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu uko kwenye majengo ya fezi tatu, kama hospitali na maghala. Zamani bluu ilikuwa fezi na nyeusi nyutro. Sasa nyeusi ni fezi na bluu ni nyutro. Fundi anayeunga waya mpya kwenye ubao wa zamani akiamini rangi peke yake anaweza kuipa mashine ya volti 230 umeme wa volti 400. Mita ya kupimia ndiyo inayosema ukweli: kati ya laivu na nyutro isomeke karibu na 230, kati ya laivu na arthi karibu na 230, kati ya nyutro na arthi karibu na sifuri.

Arthi

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba wa Ngara na Biharamulo alielewe kuliko mengine yote.

Kasha la kiyoyozi ni la bati, ndani linatoa maji, na linaguswa na watu. Siku waya wa laivu ukichubuka na kugusa bati, tunategemea umeme ukimbilie ardhini na breka ianguke. Je, itaanguka? Nyumba nyingi huku zina fimbo moja ya arthi iliyopigwa nje ya ukuta, na kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka. Tuseme fimbo inasoma omu 50. Gawanya volti 230 kwa 50: umeme unaokwenda ardhini ni amp 4.6. Breka ya amp 32 inauona kama mzigo wa kawaida. Haianguki leo wala kesho, na bati linabaki na umeme unaoua.

Kinachookoa maisha hapo ni RCD ya miliamp 30. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika kiwango hicho hukata mara moja, hata kama fimbo ya arthi si nzuri sana. Mashine yenye teknolojia ya inveta inahitaji RCD ya aina ya A au ile iliyotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa aina ya kawaida inaweza isihisi uvujaji wake. RCD haiondoi haja ya fimbo. Fundi anapima arthi kwa kipimo chake maalumu, na ikizidi omu 200 anapiga fimbo ndefu zaidi au anaongeza ya pili mbali kidogo na ya kwanza, kisha anaziunganisha. Vipimo vya kiangazi ndivyo vya kuaminika, maana masika humpa kila mtu majibu mazuri.

Kuzima kuna taratibu zake

Kuangusha breka hakutoshi. Breka inafungwa kwa kufuli na kubandikwa karatasi ya onyo, na ufunguo unakaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Kisha tesita inajaribiwa mahali penye umeme ili kujua ni nzima, inapimwa kwenye waya unaotakiwa kuguswa, halafu inarudishwa tena penye umeme kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Kapasita ya kompresa hubaki na chaji hata umeme ukikatwa, kwa hiyo inamwagwa chaji kupitia rezista, haigongwi kwa bisibisi.

Wilaya hizi zina jambo jingine la kuangalia. Miaka ya umeme wa kusuasua ilifanya watu wengi wawe na jenereta au sola yenye inveta. Umeme wa TANESCO ukizimwa, inveta inaweza kuwasha laini ile ile kwa upande mwingine. Fundi aulize, na aone kwa macho swichi ya kubadilishia vyanzo kabla hajashika kitu.

Karibu na mashine, mahali panapoonekana, inawekwa aisoleta inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Atakayekuja kuosha vichujio mwaka kesho anahitaji kuzima akiwa amesimama hapo hapo.

Kuunga na kulinda

Waya unaingia kwenye kasha kwa chini, kupitia glandi ya mpira, baada ya kupinda kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke nje. Skrubu za konekta zinakazwa kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Skrubu iliyolegea hupata joto, huunguza plastiki, na moto mwingi wa umeme huanzia hapo. Waya wa arthi uachwe mrefu kuliko wenzake ndani ya kasha, ili mashine ikivutwa kwa bahati mbaya uwe wa mwisho kuchomoka. Matundu yote yazibwe: mjusi mmoja akipita kati ya laivu na nyutro anatosha kuunguza bodi ya kielektroniki.

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na umeme kukatika na kurudi bado kupo. Kwenye ubao wa breka ongeza kinga ya mawimbi ya radi iliyoungwa kwenye arthi kwa waya mfupi kadiri inavyowezekana. Ongeza pia kilinda volti kinachosubiri dakika tatu hadi tano umeme ukirudi, ili presha ya gesi ishuke kabla kompresa haijaamka. Friji gadi ya kawaida haifai hapa. Kinatakiwa kifaa kinachobeba amp 32 au kinachoendesha kontakta.

Siku ya kuwasha

Kabla ya umeme kurudishwa, waya unapimwa uzima wa ganda lake kwa volti 500, ukiwa umetenganishwa na bodi ya mashine. Kipimo kinachokubalika hakipungui megaomu 1, na waya mpya husoma juu zaidi ya hapo. Kisha mashine inawashwa kwa kupoza, fundi anapima amp kwa mita ya koleo, anasubiri dakika chache, anageuza kwenye joto, na anapima tena koili ya ziada ikiwa kazini. Volti zinapimwa kwenye konekta za mashine yenyewe, mzigo ukiwa kamili. Kitufe cha majaribio cha RCD kinabonyezwa mbele ya mwenye mali, naye anaonyeshwa jinsi ya kukibonyeza mwenyewe kila baada ya miezi mitatu.

Namba zote hizo, yaani amp za baridi, amp za joto, volti kwenye mashine, omu za arthi na tarehe, zinaandikwa kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa ubao wa breka, pamoja na namba ya leseni ya fundi. Baada ya mwezi mmoja fundi anarudi kukaza skrubu, kwa kuwa shaba hulegea kidogo baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi. Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, arthi inapimwa upya. Amp zikiwa zimepanda kuliko zilizoandikwa, kagua vichujio na gesi. Volti zikiwa zimeshuka, kagua maungio kuanzia kwenye mita. Omu zikiwa zimevuka 200, mashine inabaki imezimwa mpaka fimbo nyingine ipigwe.