"More", "Another", "Other" na "Extra": Utaandika Lipi?



Kiswahili chetu kina neno moja lenye kazi mbili. Ukisema, "Nipe mbegu nyingine," huenda wataka uongezewe zile zile. Au huenda zile hazikukufaa, wataka za namna tofauti. Mwenye duka hukutazama uso akaelewa. Lakini karani asomaye barua yako ya Kiingereza hakuoni.

Mkulima mmoja alipata mifuko sita ya mbolea ya DAP, akapungukiwa na minne. Akaandika: "Please send other fertilizer." Mimi ndimi niliyeisoma barua ile. Nikadhani DAP haikumfaa, nikamwuliza ataka mbolea gani. Jibu lake lilipofika, mvua ilikuwa imekwisha anza na jirani zake wamekwisha panda. Basi na tuyapime maneno haya.

1. "More" ni kuongeza kitu kile kile, kiwe cha kuhesabika au sicho: "more bags", "more water". Idadi hutangulia. Mkulima yule angeandika: "Please send four more bags of DAP."

2. "Another" hufuatwa na kitu kimoja: "another bag", yaani mfuko mmoja zaidi. Vikiwa vingi, tia idadi: "another four bags". Usiandike "another bags". Tena angalia: ukiandika "another fertilizer", msomaji atafikiri wataka mbolea ya aina tofauti.

3. "Other" ni tofauti: "other seed" ni mbegu ya namna nyingine. Lakini "the other bags" ni ile mifuko iliyobaki, ambayo wewe na karani mwaijua.

4. "Extra" ni ziada, kupita kiasi kinachohitajiwa. "Two extra bags" ni mifuko miwili ya akiba. Usilitumie kwa kitu kinachopungua shambani, maana karani aweza kudhani chaweza kungoja.

Sasa jaribu mwenyewe. Funika majibu kwa mkono, kisha andika kwa Kiingereza:

(a) Ng'ombe wangu wanahitaji maji zaidi.
(b) Mbegu hii haikuota vizuri. Nataka ya aina nyingine.
(c) Niletee magunia mengine matatu kama haya.

Majibu:

(a) "My cows need more water."
(b) "This seed did not grow well. I want another kind."
(c) "Bring me three more sacks like these." Ukiandika "another three sacks" hukukosea.

Ukiwa na shaka, taja idadi na jina la kitu. Au andika kwa Kiswahili, si aibu. Lakini hata hapo usiache "nyingine" peke yake. Sema "zaidi" au "ya aina tofauti", na mzigo wako utafika kabla ya mvua.