Dondoo Muhimu: Shuga glaida asifugwe peke yake

Porini, Australia na New Guinea, mnyama huyu huishi kwa kundi. Akifugwa peke yake hunyong'onyea, hususia chakula, hata hujing'ata mkia. Wafuge angalau wawili.

Ukiweka dume na jike, dume ahasiwe kwanza na daktari wa wanyama anayewajua, kisha atengwe wiki kadhaa, maana mbegu hubaki mwilini. Baadaye utaona kipara cha utosini mwa dume, penye tezi ya harufu, kikiota manyoya.

Kabla ya kuwakutanisha, sogeza matundu karibu na uwabadilishie vitambaa vya kulalia, ili wazoee harufu ya mwenzao.

Kuzalisha waachiwe wenye kumbukumbu za nasaba. Maana mimba ni siku 16 tu, na ndugu hupandana.