Uziwi na Kisunzi si Wazimu

Somo letu la leo ni juu ya sikio. Tumelichagua kwa kuwa wamo katika miji yetu watu waitwao wendawazimu, au wenye mashetani, au wazee walioharibikiwa na akili, na asili ya maradhi yao imo ndani ya sikio. Watu hao wako Mombasa na Lamu kama walivyo Nyeri, Karatina na Nanyuki. Lakini twapenda kuanza na miji hiyo ya Mlima Kenya, kwa kuwa tunao ndugu zetu huko, na katika wasomaji wetu wamo wenye ami au shangazi katika Majengo ya Nyeri. Na tena kwa kuwa msafiri wa pwani apandaye huko hujua upesi kwamba sikio lina kazi nyingine zaidi ya kusikia.

Nyeri imeinuka juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na Nanyuki kwa zaidi ya mita 1,900. Mtu wa Mombasa akipanda huko, na zaidi akiteremka, huhisi masikio yameziba na kichwa kizito. Wako wasemao huo ni upepo mbaya wa mlima. Si upepo mbaya. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Hewa ya nje ikibadilika uzito, kiwambo husukumwa mpaka mrija huo ufunguke. Na ameze mate, au apige miayo, litazibuka. Mwenye mtoto mchanga na amnyonyeshe wakati gari linapoteremka.

Sasa tuingie ndani zaidi. Kiwambo hicho kimeshikana na vifupa vitatu vidogo vipokezanavyo sauti, na mwisho wao ni nyumba ya mfupa iliyojaa maji, imefichwa ndani ya fuvu. Upande mmoja wa nyumba hiyo umejipinda kama koa la konokono, na huo ndio wa kusikia. Upande wa pili una mifereji mitatu iliyopinda kama pete, pamoja na vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno mfano wa chokaa. Na huo ndio mizani ya mwili. Mwashi atazamaye pima maji yake kujua kama ukuta umesimama sawa ataifahamu hikima hii bila ya taabu: kila mmoja wetu ana pima maji mbili, moja katika kila sikio. Habari za kusikia na habari za mizani hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa mmoja wa fahamu. Kwa hiyo si ajabu ugonjwa mmoja ukamnyima mtu vyote viwili, akawa hasikii vizuri na ardhi yamzunguka.

Hata madaktari wa Ulaya walichelewa kuyajua haya. Kabla ya mwaka 1861, mtu aliyeanguka kwa kisunzi huko Ufaransa aliambiwa damu imejaa katika ubongo wake, akatolewa damu. Prosper Ménière, tabibu wa shule ya mabubu mjini Paris, ndiye aliyesimama mwaka huo mbele ya wakuu wa tiba akawaambia kwamba kisunzi kijacho pamoja na mvumo na uziwi asili yake ni sikio la ndani. Wengi hawakumkubali, naye akafa mwaka 1862. Leo maradhi hayo yaitwa kwa jina lake. Basi asidhani mtu kwamba twawacheka waganga wetu peke yao.

Ama vipi sikio huitia akili katika dhiki, tufikiri habari ya mzee aliyefanya kazi miaka thelathini katika kinu cha kahawa upande wa Karatina. (Kanuni za serikali ya Kenya za mwaka 2005 zakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa saa nane, lakini yeye alianza kazi kabla ya kanuni hizo.) Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, ambavyo ndivyo vipokeavyo sauti, vikifa havioti tena. Kwanza hupotewa na sauti nyembamba: za watoto, za wanawake, na herufi kama sini na fe. Asikia kwamba watu wasema, lakini hafahamu wasemalo. Akiuliza mara ya tatu, aambiwa, “Basi, si kitu.” Wajukuu wakicheka, adhani achekwa yeye. Mkewe akizungumza na jirani mlangoni, adhani asengenywa. Usiku mji ukitulia, mvumo ndani ya sikio lake hupanda kama wa nzige, na usingizi humtoka. Mwisho huacha kwenda barazani, kisha huacha kwenda msikitini, kisha hukaa chumbani peke yake akinung'unika. Hapo jamaa hukutana na kusema, mzee amerukwa na akili.

Mzee huyo hakurukwa na akili. Amefungiwa nje ya mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe. Upweke huo ukidumu huzaa huzuni nzito, na dhana mbaya, na hamaki. Na akili yake, ambayo yatumia nguvu zake zote kukisia maneno, hubakiwa na nguvu chache za kukumbuka. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2020 liliutaja uziwi wa utu uzima kuwa ni katika sababu kubwa kabisa, zile ziwezazo kuzuiwa, za ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni. Na huko Marekani wazee 977 walifuatwa kwa miaka mitatu, wengine wakipewa vifaa vya kusikilizia na wengine mafunzo ya afya tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Kwa wote kwa jumla haikuonekana tofauti. Lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi, waliopewa vifaa akili zao zilipungua polepole zaidi kwa karibu nusu. Hatusemi kifaa ni dawa ya kila mzee. Twasema asihukumiwe mtu kwamba amepotewa na akili kabla ya sikio lake kupimwa, na nta iliyoziba kutolewa.

Na mwenye kisunzi hali yake ni nyingine. Dunia humzunguka ghafula, moyo ukaenda mbio, akadhani anakufa. Baada ya mara mbili au tatu huwa haogopi kisunzi tu, bali huogopa sokoni, huogopa ngazi, huogopa kupanda gari. Khofu yenyewe humletea kizunguzungu kingine, na hicho humzidishia khofu. Wanawake ndio waonewao zaidi hapa. Mwanamke aangukaye mara mbili huitiwa wa kupunga pepo, akazungushwa katika ngoma na moshi wa ubani usiku kucha, naye kinachomuuma ni huko kuzunguka. Fedha zikatoka, mbuzi akachinjwa, na kisunzi kikabaki pale pale. Mtume wetu S.A.W. ametuamrisha kujitibu, wala hakutuamrisha kutembeza sahani kwa ajili ya mashetani.

Kisunzi kilicho kingi kuliko vyote ni kile kimjiacho mtu akijigeuza kitandani au akiinua kichwa kutazama juu, kikadumu chini ya dakika moja. Hicho ni vijiwe vile vya chokaa vilivyotoka katika kifuko chao vikaingia katika mfereji. Dawa yake si kidonge. Daktari hukilaza na kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu mpaka vijiwe virudi mahali pao, na mara nyingi mtu hupona siku hiyo hiyo. Fikiri, ewe msomaji, ni miaka mingapi ya khofu yaondolewa kwa dakika kumi!

Lakini kisunzi kijacho pamoja na kupooza mkono, kupinda uso au kushindwa kusema huenda kikawa ni kiharusi, na huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Vile vile aliyelala mzima akaamka sikio moja halisikii, asingoje wiki, kwa kuwa dawa ya uziwi wa ghafula hufaa siku za mwanzo. Na atakayeambiwa na watu wa Nyeri aende Mathari asishtuke kama sisi tushtukavyo. Mathari ya Nairobi ndiyo hospitali ya maradhi ya akili. Mathari ya Nyeri ni hospitali ya misheni ya Consolata, itibuyo maradhi ya kila namna. Wala hatusemi haya kwa kuitia aibu ile ya Nairobi. Maradhi ya akili ni maradhi, na mwenye kusikia sauti zimwambiazo maneno, si mvumo mtupu, naye ana haki ya tabibu wake, na asifungwe kamba wala kupigwa.

Sababu za uziwi ni nyingi, na nyingine twazileta wenyewe. Mtoto atokwaye na usaha sikioni hutiwa mafuta ya moto, au maji ya kitunguu, kisha huachwa kwa kuambiwa kwamba akikua utakoma. Huko Kiambu, kusini ya Nyeri, watoto wa shule 524 wenye usaha wa siku nyingi walijaribiwa, na habari yao ikaandikwa mwaka 1996. Waliokaushwa masikio kwa pamba na kupewa dawa za kuua vijidudu, usaha ulikatika kwa 51 katika kila mia. Waliokaushwa tu, 22. Na walioachwa bila ya kitu, 22 vile vile. Maana yake ni kwamba kukausha peke yake hakumfai mtoto, na dawa yamfaa. Tena kuna dawa ziponyazo ugonjwa mmoja zikaliumiza sikio. Kwinini huleta mvumo, nao kwa kawaida huondoka dawa ikiachwa. Sindano za streptomaisini za kifua kikuu zimeokoa roho nyingi, na zimewaachia wengine uziwi au kuyumba maisha yao yote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2019 limeelekeza sindano za jamii hiyo, kanamaisini na kapriomaisini, zisitumiwe tena kwa kifua kikuu sugu. Achomwaye sindano akasikia mvumo, na amwambie daktari siku ile ile.

Nyumbani kuna dawa isiyo na gharama. Usimpigie kiziwi makelele; kelele huyavuruga maneno. Mkabili, mwanga uwe usoni mwako, sema polepole, na asipofahamu badilisha maneno badala ya kuyarudia yale yale. Msikitini mpishe akae karibu na mimbari. Hatim al-Asamm, yule mchaji Mungu aliyefariki mwaka 237 wa Hijra, husimuliwa kwamba aliitwa kiziwi ilhali alikuwa akisikia: mwanamke alimjia kuuliza suala akaponyokwa na jambo la kumtahayarisha, naye akajifanya hakusikia kwa kumsitiri. Yeye alijitwisha uziwi ili kumwondolea mwingine haya. Sisi twamtwisha haya yule ambaye ni kiziwi kweli.

Tumeulizwa juu ya swala ya mwenye kisunzi. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikwisha kumtaja abiria wa chombo: akichelea kuzama, au kichwa kumzunguka, huswali fardhi yake hali ya kukaa. Mwenye kisunzi wa nchi kavu hali yake ni hiyo hiyo. Asiiache swala, wala asijilazimishe kusimama akaanguka juu ya wenzake.

Limebaki suala la aliyezaliwa kiziwi. Mtoto huyu akikosa lugha huitwa zuzu, akakua bila ya kujua jina la kitu chochote, na akili yake ikaumia, nayo ilikuwa nzima. Nchi za Mlima Kenya zimetutangulia katika hili: kuna Shule ya Viziwi ya Tumutumu karibu na Karatina, na ya Kaaga huko Meru, wafundishwamo kwa ishara, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara kuwa moja katika lugha tatu rasmi za Bunge. Wako Waislamu waogopao kumpeleka mtoto kwa kuwa shule hizo zilianzishwa na makanisa. Khofu hiyo ina dawa, nayo ni baba kujifunza ishara hizo yeye mwenyewe ili amfundishe mwanawe dini kwa mikono yake, au sisi tufungue madarasa yetu. Kumficha chumbani si dawa.

Na msidhani ishara ni mchezo. Mafakihi wetu wameikubali ishara ya bubu katika kuuza, kununua na kuacha mke, nao wameipambanua ishara ifahamikayo na kila mtu na ile isiyofahamika ila na wachache. Katika ndoa twaona jambo hili ni kama lugha nyingine yoyote. Ndoa ikifungwa kwa Kikikuyu, lazima mashahidi wawili wakifahamu Kikikuyu. Na kijana wa Majengo aliyesoma Tumutumu akitaka kuoa kwa ishara, na atafutiwe mashahidi wawili Waislamu waijuao lugha ile ya mikono, na kadhi awe na mkalimani mwaminifu ubavuni mwake.